Bomba Alilolivunja Kaka

Baba alitufundisha kufunga maji kwa kutupiga. Alikuwa na mpini wa jembe uliovunjika ambao aliutunza kwa kazi hiyo tu, na kila kiangazi tuliposhuka bondeni kulima vinyungu alikuja nao begani. Vinyungu ni yale mashamba ya bondeni, matuta na mifereji, ambako watu wa Njombe tunapanda mahindi na viazi wakati huku juu udongo umekauka. Maji yapo siku zote, na kazi kubwa ni kuyaelekeza. Ukitaka kuyatoa mfereji huu yaende ule, unachimbua bonge kubwa la udongo pamoja na nyasi zake, unalinyanyua kwa mikono miwili, unalibwaga mlangoni mwa mfereji kwa mara moja, kisha unalikanyaga kwa nguvu. Ukiliweka taratibu, maji yanalila pembeni, linayeyukia mikononi mwako, na kazi ya asubuhi nzima imekwenda bure.

Mimi nililiweka taratibu. Nilikuwa mtoto mwoga, na maji ya bonde letu mwezi wa Julai ni ya baridi ya kutia ganzi hadi kwenye viwiko. Baba alinitandika mgongoni nikaanguka kifudifudi kwenye tope, akaniacha nijikwamue mwenyewe. Kaka yangu, ambaye wakati huo alikwisha kuota ndevu, alibwaga bonge lake mara moja, mguu wa kushoto mbele, mgongo umepinda, na maji yakasimama. Baba alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama mimi. Nilimwonea kaka wivu hadi machozi yakanitoka, nikasingizia tope.

Watu wanaponiuliza ilikuwaje mtoto wa Njombe akawa profesa wa uhandisi wa mitambo, tena wa mwendo wa majimaji, wanatazamia niwasimulie vijito na ukungu wa asubuhi. Swali hilo limenichosha. Maji yaliyonipeleka chuoni yalimvunja mtu mguu na kumtia kaka yangu gerezani, na kwa miaka mingi sikutaka kujua jambo jingine lolote duniani isipokuwa sababu yake.

Kiwanda cha mbao kilikuwa nje ya Njombe, upande wa njia iendayo Makambako, mali ya mzungu mmoja mkimya ambaye mara nyingi alikuwa safarini. Misumeno yake haikuendeshwa kwa moto bali kwa maji. Juu mlimani alijenga banio la kukusanya maji ya mto, na kutoka pale akalaza bomba refu la chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, mpaka chini kiwandani, ambako maji yaliligonga gurudumu, gurudumu likazungusha mikanda, na mikanda ikazungusha misumeno. Mwisho wa bomba palikuwa na koki kubwa yenye mkono mrefu wa chuma. Ukiuinua mkono, maji yanapita na misumeno inalia. Ukiushusha, kila kitu kinanyamaza.

Msimamizi wa pale alikuwa nyapara, mtu wa kwetu, tena mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu. Jumapili sauti yake nzito ilitetemesha viti, na Jumatatu alikuwa na kiboko mkononi. Alikuwa na desturi moja ambayo sijaisamehe mpaka leo: akishamchapa mtu, alimtaka aseme asante. Wengi walisema. Walikuwa na watoto nyumbani, na kodi ya kichwa ilikuwa haisubiri.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nimekuja likizo, nikapata kibarua cha kuzoa unga wa mbao. Kaka alikuwa mbeba magogo. Wiki ile mtunza koki aliugua akarudi kwao, nyapara akamweka kaka mahali pake bila kumweleza lolote. Alimwonyesha mkono wa chuma, akasema hapa ni kufungua na hapa ni kufunga, basi. Nadhani hata yeye mwenyewe hakujua zaidi ya hayo.

Asubuhi ya siku ninayoikumbuka kaka alichelewa. Palikuwa na msiba kwa wakwe zake na alikesha huko. Nyapara hakutaka kusikia habari za msiba. Alimwamuru ainame mbele yetu sote, akamchapa mpaka shati likashikana na ngozi, na watu waliendelea kupanga mbao wakijifanya hawaoni. Kisha akangoja asante yake. Kaka alinyanyuka, akatazama pembeni, hakusema kitu. Nyapara akamrudia. Mara hii alimchapa shingoni na masikioni, na mimi nilishika koleo langu, nikaendelea kuzoa. Kaka hakusema asante hata baada ya hapo. Nyapara alichoka mwenyewe, akamsukuma kuelekea kwenye koki.

Jua lilipokuwa juu, gogo moja liliteleza likabana msumeno. Mkanda ukaanza kutoa moshi, watu wakakimbia huku na huku, na nyapara, aliyekuwa amesimama kwenye kona ya bomba, akapiga kelele kwamba maji yafungwe, yafungwe upesi, anangoja nini yule mjinga. Nilimwona kaka. Aliushika mkono wa chuma kwa mikono miwili, mguu wa kushoto mbele, mgongo umepinda, akaushusha kwa uzito wake wote kwa mara moja. Alifunga maji kama alivyofundishwa bondeni.

Mlio uliofuata sikuwahi kuusikia kabla. Bomba lilipasuka pale pale kwenye kona. Pande la chuma, kubwa kama sahani, liliruka likampata nyapara chini ya goti, na maji yakatoka kwa nguvu iliyombeba mtu mwingine mzima na kumbamiza kwenye rundo la mbao. Nyapara alikuwa amekaa chini anautazama mguu wake. Mfupa ulikuwa nje, mweupe, na maji yakauosha mpaka ukawa safi kabisa, halafu damu ikaja. Alianza kulia kwa sauti ile ile ya kwaya. Naandika ukweli: niliposikia kilio kile, kabla sijaogopa, nilifurahi.

Furaha ile haikudumu hata kidogo. Walinzi wa kiwanda na ndugu wa nyapara walimrukia kaka kwa marungu na mbao. Nilijitupa katikati, na ubao ulioning'oa jino la mbele sikuuona ulikotoka. Walimpiga mpaka akaacha kujikinga. Wakamfunga kamba za katani mikono na miguu, wakamweka juani pembeni ya maji yaliyokuwa bado yanamwagika, na mmoja wao kila alipopita alimpiga teke mbavuni kana kwamba anahesabiwa kazi.

Barazani shauri lilikuwa fupi. Walisema mtu aliyechapwa asubuhi, kisha adhuhuri akavunja bomba, amelipiza kisasi, hilo halihitaji darubini. Kaka alijibu jambo moja tu kila alipoulizwa, kwamba aliambiwa afunge, akafunga. Wazee wa baraza waliuliza vipi mkono wa mtu upasue chuma kwa kufunga maji tu, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kujibu, waliamua kwamba lazima alikuwa na nyundo. Nyundo haikuonekana, wakasema ameificha. Nilisimama nikasema nilikuwepo na sikuona nyundo. Askari alinipiga rungu la kifua, akanikokota nje kwa ukosi wa shati langu la shule, na nilisikia hukumu nikiwa nimeinama ukutani natafuta pumzi. Kifungo na kazi ngumu, pamoja na viboko wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Njiani kurudi, nilipoanza kulia, baba alinizaba kofi, kisha akatembea mbele peke yake, haraka, ili nisimwone uso.

Niliporudi shuleni nilimuuliza mwalimu wetu wa fizikia kwa nini maji yakizuiwa kwenye bomba yanapasua chuma, na yakizuiwa kwenye mfereji yanatulia. Alisema jambo hilo liko mbali sana na mtihani wangu. Basi nikaamua kulifuata huko mbali liliko. Nilisoma kwa hasira, hakuna neno jingine. Wenzangu walisoma ili wawe makarani, walimu, waganga. Mimi nilisoma kama mtu anayemtafuta mwizi. Nilifaulu nikapelekwa chuo cha ufundi katika nchi jirani, na kutoka huko nikapata nafasi Uingereza. Wenzangu katika uhandisi wa mitambo walipenda injini, gari, ndege. Nilipochagua maji walinicheka, wakasema Mwafrika huyu amevuka bahari kuja kusomea mifereji.

Siku niliyopata jibu langu ilikuwa siku ya mvua, katika maabara ya chini ya ardhi iliyonuka kutu. Profesa wetu, mzee mkali mwenye mikono myekundu, alikuwa na bomba refu lililozungushwa ukutani, na mwisho wake koki ndogo na kipimo cha kioo. Aliifunga taratibu, maji kwenye kipimo yakapanda kidogo. Akasema mmoja wetu ajaribu. Nilisogea mbele. Sikufikiri chochote, niliushika mkono wa koki kwa mikono miwili, mguu wa kushoto ukajipeleka wenyewe mbele, nikaushusha mara moja. Kioo kililipuka. Kipande kilinichana shavu, na mzee yule alinifokea maneno ambayo hayafai kuandikwa, akiniita mharibifu, mshenzi, akiuliza ni nani aliyenifundisha kufunga koki namna ile. Nilikuwa nimeketi sakafuni, damu inaingia kwenye kola, nacheka na kulia kwa pamoja. Wenzangu walidhani nimepata kichaa.

Baada ya pale sikutaka somo jingine. Wataalamu wanaliita pigo la maji, na lilikuwa kazi yangu ya kwanza ya utafiti, na ya pili, na ndilo lililonipa cheo cha mwalimu msaidizi pale pale chuoni. Wengine walitafiti maji yapitayo kwa utulivu. Mimi nilijenga mabomba ili niyavunje. Niliyavunja ya kioo, ya shaba, ya chuma cha kusubu, na kila lilipopasuka niliandika vipimo vyangu. Mzee wa mikono myekundu alianza kunipenda kwa shida, akasema hajawahi kuona mtu anayechukia kitu kiasi kile na kukielewa vizuri namna ile.

Kisha nikapata ruhusa ya kuja nyumbani. Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado juu ya boma, lakini kila mtu alijua inahesabiwa siku zake. Nilikwenda moja kwa moja mpaka kiwanda cha zamani. Kilikuwa kimefungwa, misumeno imeuzwa, ila bomba lilikuwa bado limelala kwenye nyasi kama lilivyoachwa. Nilipima urefu wake kwa kamba, nikapima unene wa chuma pale lilipopasuka, nikapima kimo cha banio. Nilikaa juu ya jiwe nikapiga hesabu, nikairudia. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Bomba lile, likiwa limejaa maji ya mwendo ule, likifungwa mara moja, lazima lipasuke. Nyundo haikuhitajika, wala mkono wa mtu mwenye nguvu.

Nilitaka jina la kaka lisafishwe. Nilitaka Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, aambiwe, wazee wa baraza waitwe, na nyapara aliyekuwa akichechemea mjini atamke mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyeamuru maji yafungwe upesi. Hayo yote niliyaota kwa miaka. Lakini niliona ni haki kaka alisikie jibu hilo kwanza kutoka kwangu, kwa hiyo nikadandia lori la mizigo kwenda Makambako.

Alihamia huko alipotoka gerezani, hakutaka tena kuishi Njombe. Makambako ilikuwa njia panda tu, maduka machache, malori ya kwenda Mbeya, Iringa na Songea yakisimama kujaza maji. Kaka alikuwa na banda la useremala, akitengeneza vitanda. Nilijua kwamba alikuwa mtu mkubwa katika tawi la chama cha kudai uhuru pale, na nilifurahi kwa ajili yake bila kujiuliza ukubwa ule ulitoka wapi. Nilimkuta amevua shati, anapiga randa, na mgongo wake ulikuwa na mabonde na matuta ambayo sikutaka kuyatazama.

"Kamwene, mdogo wangu," akanisalimu kwa lugha ya kwetu, akanikumbatia, akanipangusa vumbi usoni kama nilikuwa bado mdogo.

Mkewe alituletea viazi na chai. Tulipobaki wawili nilimwambia kwamba nimelipima lile bomba kwa kamba, na nimepata kujua kilicholivunja. Aliacha kutafuna. Akaniambia nimweleze, ila nieleze kwa maneno ya watu.

Nilimweleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza darasani. Nilimwambia kwenye mfereji maji yakizuiwa yana pa kwenda, yanapanda juu ya kingo, hasira yao inaishia hewani. Ndani ya bomba hayana pa kwenda. Ya mbele yamesimama, lakini ya nyuma, huko mlimani, hayajapata habari. Yanaendelea kuja na uzito wao wote, yanasukumana, na msukumo huo unapanda na kushuka ndani ya chuma kwa kasi ya kushinda risasi. Ndiyo maana koki ile ilitakiwa kufungwa polepole. Sisi watu wa vinyungu tumefundishwa kinyume chake.

Alielewa mara moja. Siku zote alikuwa na akili kunishinda. Akauliza kama mtu mwingine yeyote angefunga vile, lingepasuka. Nikasema ndiyo. Akauliza hata mimi, na nilivyokuwa mwembamba siku zile. Nikasema hata mimi, hata mwanamke mzee. Nilikuwa natabasamu, Mungu anisamehe, nilidhani nampa zawadi.

"Na hasira yangu?" akauliza.

"Hasira haimo kwenye hesabu," nikasema.

Alinipiga ngumi ya uso. Nilianguka juu ya vipande vya mbao, na kabla sijasimama alikuwa amenishika koo, magoti yake kifuani pangu, akinibamiza kichwa kwenye sakafu ya udongo. Sikujikinga. Mkono wake ulikuwa na nguvu ya kutosha kuniua, na nadhani kwa muda mfupi alitaka. Kisha akaniachia, akakaa chini kando yangu, akihema.

"Viboko vya gerezani nilivimudu kwa kuwa nilijiambia nimefanya," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, sawa na mtu anayezungumza na mgonjwa. "Siku ya kwanza nililia kama mtoto, nikisema sina kosa. Ningekufa mle ndani. Halafu nikajiambia, mimi ndiye niliyemvunja yule mbwa mguu, mimi ndiye niliyepasua bomba la mzungu, kwa mikono hii, kwa sababu nilikataa kusema asante. Tangu hapo sikulia tena. Sasa wewe umetoka Ulaya na kamba yako kuja kuniambia nilipigwa bure, kama punda."

Nilikuwa nimejifunza kila kitu kuhusu bomba lile, na sikuwa nimewahi kumuuliza aliishije baada yake. Akaniuliza nimemwambia nani mwingine. Nikasema hakuna.

Tulikuwa bado tumekaa chini pale watu wa chama walipoingia bandani, watatu wa pale Makambako na mgeni wao kutoka pwani aliyekuwa anapita kwenda Mbeya. Waliona pua yangu inachuruzika damu, wakadhani nimeumia na mbao, wakatoa pole. Kisha mmoja akamwambia mgeni kwamba huyu hapa ndiye yule mtu, aliyevunja bomba la mzungu Njombe zamani, wakati sisi wengine tulikuwa tunainama tu. Wakamwomba kaka asimulie.

Kaka alisimama. Alisimulia polepole mwanzoni, bila kunitazama: kuchapwa, asante aliyoikataa, jinsi alivyoshika mkono wa chuma akiwa amekwisha kuamua. Vijana wawili kutoka kwenye malori walisogea mlangoni kusikiliza. Mgeni alitikisa kichwa, akasema kwa adabu kwamba anaamini ushujaa wake, lakini chuma ni chuma, hajui kama mkono wa mtu unaweza kukipasua kwa kufunga maji.

Kaka alinitazama kwa mara ya kwanza tangu wale watu waingie, na uso wake ulikuwa mweupe kwa unga wa mbao.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema. "Anafundisha habari za maji chuo kikuu, huko Uingereza. Siku ile alikuwepo. Muulizeni yeye."

Mgeni akanigeukia. Niliinuka, nikafuta damu kwa kiganja, nikaongea kwa sauti ninayoongea nayo mbele ya wanafunzi. Nilisema inawezekana, nimelipima lile bomba mwenyewe. Nilisema chuma kile kilikuwa kinene sana, na koki ile ilikuwa ngumu, na kwamba kwa hesabu zote ninazozijua kisingepasuka kwa mkono wa mtu mwingine.

Kaka alivuta kigoda, akakipangusa, akaniambia nikae.